Mkono wa upande uliotolewa titi si wa kulazwa

"Usinyanyue hata kikombe kwa mkono huo." Wanawake wengi waliotolewa titi kwa sababu ya saratani huambiwa hivyo na ndugu, kwa hofu kwamba mkono utavimba. Hofu ina chanzo: tezi za limfu za kwapani, zinazochuja majimaji ya mwili, zikiondolewa au kupigwa mionzi, majimaji huweza kutuama mkononi. Ila kuulaza mkono si kinga. Bega hukakamaa, misuli husinyaa. Mwaka 2009, utafiti wa Kathryn Schmitz na wenzake nchini Marekani ulionyesha kuwa wanawake wenye uvimbe huo walionyanyua vyuma kwa kuongeza uzito polepole, wakisimamiwa, hawakuvimba zaidi ya wale wasionyanyua. Dalili zao zilipungua.

Pilates inafaa hapo: miendo ya taratibu inayofuata pumzi, ikifungua kifua na bega. Mazoezi hupunguza pia uchovu na wasiwasi, pengine kwa sababu mwili ulioonekana msaliti unaanza tena kutii. Saratani yenyewe hayaitibu. Anayedai hivyo ana kitu anakuuzia. Daktari athibitishe kwanza kwamba kidonda kimepona, na saratani ikiwa imefika mifupani, usikunje wala kupinda mgongo bila ushauri wa mtaalamu wa fiziotherapia.