Singa za mkonge, wanga wa muhogo na chungu cha mche kinachooza kwa wakati wake

Kila masika inapokaribia, vitalu vya miche huku Tanga na Muheza hujaa viriba vya plastiki nyeusi. Katazo la mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa lililoanza Tanzania tarehe 1 Juni 2019 halikuvigusa, kwa kuwa vifungashio vya kilimo viliachwa nje ya kanuni zile, na kwa hiyo siku ya kupanda kiriba huchanwa kwa wembe na kuachwa kando ya shimo, mahali ambapo jembe la mwaka unaofuata hukikuta kingali kizima. Kazi yangu ni kutengeneza chungu cha mche cha kuchukua nafasi yake, kwa kukandamiza nyuzi za mimea na gundi za asili ndani ya kalibu, yaani chombo kinachokipa chungu umbo lake. Wengi wanaoanza kazi hii hutumia nguvu zao zote kuchagua nyuzi, ilhali uhai wa chombo umo katika gundi.

Nyuzi ninazotumia ni singa za mkonge, zao ambalo Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, alilileta mwaka 1893 kutoka Florida, ikabaki miche 62 tu iliyo hai ya kupandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Jani la mkonge hutoa takriban asilimia 4 tu ya singa. Korona, mashine ya kuchambulia mkonge, inapolikwangua, singa ndefu hukamatwa, lakini fupi huponyoka pamoja na makapi, na hizo ndizo ninazozichukua, kwa sababu msokota kamba hana haja nazo na kalibu haitaki ndefu: singa inayozidi sentimita moja hujisokota na kufanya fundo, na ndani ya fundo gundi haifiki. Nikishazikata nazichemsha katika maji ya majivu yaliyochujwa, ambayo huondoa nta na utomvu uliokaukia juu yake. Singa isiyochemshwa huikataa gundi kama jani la mgomba linavyokataa maji.

Gundi ya msingi ni wanga wa muhogo, na yeyote aliyewahi kupiga pasi kanzu iliyotiwa kanji ameshajua nusu ya somo hili. Punje za wanga zikipashwa moto ndani ya maji hadi nyuzijoto kati ya 60 na 70 za Selsiasi hufyonza maji, huvimba na kupasuka, na minyororo mirefu ya glukosi, aina ya sukari, iliyokuwa imefungwa ndani yake hutoka na kulala juu ya singa. Selulosi, kitu kinachounda singa yenyewe, nayo ni mnyororo wa glukosi, ila imeungwa kwa namna nyingine, na kwa undugu huo maji yanapokauka pande hizi mbili hushikana kwa vifungo vya haidrojeni, ambavyo kimoja kimoja ni dhaifu lakini kwa wingi wake hubeba mzigo mkubwa. Maji yakirudi, vifungo hivyo huyashika maji na kuachiana, kama kanzu yenye kanji inavyolegea mvuani.

Kukandamiza kwenyewe si kugumu kueleza. Mchanganyiko wenye unyevu unaobanwa kiganjani bila kudondosha tone huwekwa katika kalibu ya chuma yenye joto la nyuzijoto 130 hivi, na jeki huushindilia. Hatari ni mvuke, kwani ukifungua kalibu mapema mvuke ulionaswa hupasua ukuta wa chungu kutoka ndani. Kwa hiyo naachia jeki kidogo mara mbili au tatu ili mvuke upumue, kisha nabana tena hadi kikauke.

Vyungu vyangu vya kwanza, vya wanga mtupu, vilipelekwa kitaluni vikiwa vigumu kama mbao, na katika wiki ya pili ya kumwagiliwa vilikuwa vimeota ukungu na kubomoka mikononi mwa wabebaji, huku mche ukihitaji miezi mitatu zaidi. Niliumia, kwa sababu mwenye kitalu aliniamini. Baada ya hapo nilizitazama gundi zinazostahimili maji. Tanini, ile dawa ya kukausha ngozi itokayo katika magome ya miwati, miti inayolimwa Njombe, ni gundi nzuri ya mbao, lakini viwandani mara nyingi hugandishwa kwa formaldehaidi, ambayo ni sumu, na mimi sikubali kuifukia kemikali hiyo penye mizizi ya chakula. Niliishia kwenye kasini, protini ya maziwa ambayo ikichanganywa na chokaa hugeuka gundi isiyoyeyuka tena kwa urahisi, kama maseremala wa zamani walivyojua. Lita 100 za maziwa hutoa kilo 2 na nusu hivi za kasini, na si haki kuyatumia maziwa yanayonyweka. Nachukua yaliyoharibika, na napaka gundi hiyo kwa brashi upande wa nje tu, tabaka jembamba.

Kasini ilinifaa pia kwa jambo ambalo sikulitarajia. Kuvu na bakteria wanaoozesha singa hupata humo kaboni tele lakini nitrojeni kidogo mno, kwa hiyo huivuta nitrojeni ya udongo unaozunguka, na mche hugeuka manjano katika wiki zile ambazo mkulima anautazamia ushike. Protini ina nitrojeni yake, ingawa tabaka jembamba halitoshi. Ndiyo maana namshauri mkulima aviloweke vyungu katika maji ya samadi iliyochacha siku moja kabla ya kupanda.

Neno «kinachooza» lisiaminiwe bila kuulizwa: wapi, na kwa muda gani? Kiwango cha Ulaya cha vifungashio vinavyooza, EN 13432, hudai asilimia 90 ya kaboni ya chombo iwe imegeuzwa hewa ya ukaa ndani ya miezi 6, lakini kipimo hicho hufanywa katika mboji yenye joto la nyuzijoto 58, joto ambalo udongo wa shamba kwenye kina cha kupandia haulifikii. Kikombe cha plastiki ya wanga wa mahindi kinachofaulu huko kinaweza kukaa shambani miaka.

Ndiyo sababu mimi huvizika vyungu vyangu katika udongo uleule vitakamotumika, kisha nikavifukua. Vya mwisho nilivifukua katika mwezi wa nne tangu kuvizika. Ukuta ulikuwa laini kama kitambaa kibichi, mizizi ya mkarafuu imepenya pande zote bila kujizungusha kama ifanyavyo ndani ya kiriba, na singa zilichambuka kwa vidole. Kitako, ambacho kalibu ilikishindilia zaidi, kilikuwa bado kigumu, na mzizi mkuu ulikuwa umepinda kukikwepa. Kalibu mpya ina vijiti vitano vya chuma vya kukitoboa kitako.