Kibao cha barabarani na mwaka ambao hakiutaji

Ukipita barabara za vijijini nchini Marekani utaviona: vibao vya alumini juu ya nguzo, herufi zake zimeinuka, vikieleza akina nani walihamia hapo na mwaka gani. Jimbo la Virginia lilianza kuvisimamisha mwaka 1927. Mimi ni mwanahistoria wa makazi ya vijijini, na vibao hivi navithamini sana, kwa sababu kwa vijiji vingi hakuna maandishi mengine ambayo mpita njia atayasoma. Tatizo ni nafasi. Maneno kama 100 yakishajaa, hadithi imeishia pale kijiji kilipoanzishwa.

Chukua Nicodemus, kijiji cha kaunti ya Graham, jimbo la Kansas, kando ya barabara kuu namba 24. Mwaka wake ni 1877, na mwaka huo mmoja umebeba mambo mengi. Kwanza iliundwa kampuni ya kugawa viwanja, wakati eneo lenyewe bado ni nyasi tupu. Kiangazi likafika kundi dogo la wahamiaji. Mwezi Septemba likaja kundi kubwa la watu wapatao 300 kutoka Kentucky, Weusi ambao wengi wao walikuwa wametoka utumwani. Treni iliwashusha katika mji wa Ellis, na kutoka hapo walitembea kilomita 55 hivi hadi kwenye ardhi waliyoahidiwa.

Willianna Hickman, aliyefika majira ya kuchipua ya 1878, alisimulia baadaye jinsi alivyowasikia wenzake wakishangilia kuwa Nicodemus imeonekana. Akatazama, asione mji. Mumewe akamwonyesha moshi uliokuwa ukitoka ardhini. Watu walikuwa wakiishi kwenye mashimo waliyoyachimba, kwa kuwa miti ya kujengea ilikuwa haba. Mama huyo akalia. Kwangu mimi, moshi ule unaeleza makazi mapya kuliko tarehe yoyote.

Ila swali ninalowahimiza wasomaji waulize mbele ya kibao ni hili: kwa nini kijiji hiki kilibaki kidogo? Jibu mara nyingi liko nje ya kibao, kwenye mandhari yenyewe. Tazama reli imepita wapi. Katika miaka ya 1880 Nicodemus ilikuwa na makanisa, shule, maduka, hoteli, hata magazeti. Wakazi waliitarajia reli, tena walikuwa tayari kuichangia fedha. Mwaka 1888 kampuni ya reli ya Union Pacific ikatandika njia yake upande wa pili wa Mto Solomon, kilomita chache tu kutoka hapo. Wafanyabiashara wakafunga maduka wakaifuata, na pale relini ukakua mji wa Bogue. Ukame na mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 ukawapunguza zaidi waliobaki.

Hata hivyo kijiji hakikufa. Tangu mwaka 1996 ni eneo la kihistoria la taifa, lenye majengo 5 yanayotambuliwa rasmi, na kila kiangazi wajukuu na vitukuu wa waanzilishi hurudi kwa sherehe ya kukumbuka ukombozi kutoka utumwani.

Ningekabidhiwa kuandika upya kibao cha kijiji kama hiki, ningefupisha habari za kampuni ya viwanja ili nipate mistari miwili: mmoja wa reli ya 1888, mwingine wa wale walioiona ikipita mbali na bado wakabaki.