Kabla meza ya plazma haijaingia karakanani, amueni nani anabadili kipimo

Karakana nyingi za vyuma za familia, Gerezani ya Dar es Salaam au Kariobangi ya Nairobi, huendeshwa kwa kauli. Mzee anakwenda saiti na futi, anapima uwazi wa geti, anarudi na vipimo kichwani, anamwambia mwanawe au fundi mkuu, kazi inaanza. Mtindo huo umelisha watu kwa sababu fundi mwenye grainda hufikiri huku akikata. Akiambiwa chuma cha 1,520 mm wakati wenzake wote ni 1,250, atasita na kuuliza. Meza ya plazma ya CNC, yaani mashine inayokata bamba kwa moto wa umeme na hewa huku ikiongozwa na kompyuta, haisiti. Inakata 1,520, tena kwa unyoofu wa kupendeza, na bamba limekwisha.

Kwa hiyo familia inayotaka meza hii ianze na karatasi ya kazi, miezi kadhaa kabla ya kulipa hata malipo ya awali. Karatasi moja kwa kila oda: vipimo kwa milimita tu, unene wa chuma uliopimwa, idadi ya vipande, nani alipima saiti, nani aliidhinisha. Kipimo kikibadilika, cha zamani kinapigwa mstari mmoja ili kiendelee kusomeka, kipya kinaandikwa pembeni na aliyebadili anatia saini. Simu ya “ongeza kidogo pale juu” haihesabiki mpaka ifike kwenye karatasi.

Milimita nasisitiza kwa sababu mazungumzo yetu ya kila siku yamechanganya vipimo. Bamba tunaliita “nne kwa nane” (1,220 × 2,440 mm). Skwea paipu ya “inchi moja na nusu” inaweza kuwa 38 mm au 40 mm, inategemea umeinunua wapi. Fremu ikiwa ya 40 pande zote mbili badala ya 38, nafasi ya ndani imepungua 4 mm, na paneli ya maua iliyokatwa sawasawa na mchoro haiingii. Kuna pia mafaili ya michoro yasiyobeba kipimo chake: mchoro wa inchi 48 unafunguka kama milimita 48. Pima upande mmoja kwenye skrini kabla ya kuwasha tochi, yaani mdomo wa mashine unaokata.

Sasa suala la heshima, ambalo wauza mashine hawaligusi. Anayekaa kwenye kompyuta mara nyingi ni mtoto au mpwa wa mwenye karakana. Fundi mkuu amemzidi umri na ujuzi, na wote wawili hawawezi kumwambia Mzee mbele ya wateja kwamba kakosea. Dawa ninayoiamini ni kusoma kwa sauti. Kabla ya kukata, mwenye kompyuta anasimama na karatasi: “Mzee, nasoma: upana elfu tatu mia mbili, kimo elfu mbili mia nne, ulalo elfu nne.” Mzee anajibu “sawa” au anarekebisha. Hakuna aliyemkosoa mwenzake. Karatasi imesomwa tu. Ulalo, yaani kipimo cha kona hadi kona ya mkabala, ndio mlinzi wa kazi yote: geti la 3,200 × 2,400 lazima liwe na ulalo wa 4,000 pande zote mbili, na ulalo mmoja ukitofautiana na mwingine limepinda hata kama pande zake zote ziko sahihi.

Unene nao usiandikwe kwa maneno ya muuzaji. Bamba zima la 1,220 × 2,440 lina uzito wa takribani kilo 23.4 kwa kila milimita moja ya unene. La 2 mm linapaswa kuwa na kilo 46.7. Mizani ikisoma 42, umeuziwa 1.8 mm, na kasi ya kukatia uliyoipanga si yake. Kasi ikiwa ndogo mno, chini ya kipande kunaganda mabonge mazito ambayo nyundo inayaondoa kirahisi. Ikiwa kubwa mno, kunabaki uzi mwembamba mgumu unaodai grainda. Mwonekano wa uchafu huo unakupa jibu haraka kuliko jedwali.

Hasara kubwa, hata hivyo, huanzia kwenye bei. Chukua oda ya beizi pleti, yaani vibamba vya kukalia nguzo, za 200 × 200. Kwa hesabu ya kichwani, bamba linatoa 12 kwa 6, yaani 72. Plazma inahitaji nafasi: weka 10 mm ukingoni na 8 mm kati ya vipande, unapata 11 kwa 5, yaani 55. Aliyemtajia mteja bei ya 72 amekwisha kula hasara kabla ya kukata. Lakini mhandisi akikubali pleti ya 190 × 190, mpangilio unarudi 12 kwa 6, vipande 72. Ndiyo maana bei itajwe baada ya vipande kupangwa kwenye programu, hata kama mteja amesimama mlangoni.

Kwenye ukataji wenyewe, mambo matatu yanaharibu kazi kuliko mengine. Kwanza, upana wa mkato. Tochi ikila 1.5 mm na programu haikuambiwa, pleti inapungua 1.5 mm na tundu linaongezeka kiasi hichohicho. Pili, mwelekeo. Kwa tochi za kawaida upande wa kulia wa safari ndio unaonyooka, kwa hiyo ukingo wa nje ukatwe kwa mwendo wa saa na matundu kinyume chake. Tatu, matundu madogo. Tundu ambalo kipenyo chake hakifiki mara mbili ya unene wa bamba hutoka na mteremko. Tundu la 18 mm kwenye pleti ya 12 mm, kwa boliti ya M16, liwekewe alama tu na mashine, kisha litobolewe kwa drili. Usikate dogo ili ulipanue baadaye: hewa ya plazma inaacha naitrojeni kwenye ukingo, ukingo unakuwa mgumu, na biti ya drili inakwisha. Kwa sababu hiyohiyo, ukingo unaokwenda kuchomelewa upigwe grainda kidogo, la sivyo mshono utatoka na vitundu.

Ukanda wa pwani una adui wake, unyevu. Maji kwenye hewa ya kompresa yanamaliza nozeli na elektrodi, vipuri vya ndani ya tochi, kabla ya wakati. Mashine nyingi za ampea (A) 45 hadi 65 zinataka takribani lita 190 za hewa kwa dakika kwa shinikizo la bar 5 hadi 6, na kompresa ndogo ya kupulizia rangi haifiki hapo. Funga kikausha hewa, toa maji kwenye tangi kila asubuhi, kisha pulizia karatasi nyeupe kupitia tochi bila kuwasha moto. Madoa yakionekana, usikate.

La mwisho kupanga ni chuma kinachobaki, na hapa ndipo migogoro huzuka. Katika karakana nyingi, vipande vya pembeni ni hela ya chai ya saidia fundi, ambaye huviuza kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Meza ikija, kipande cha 400 × 600 kinageuka mali ya oda ijayo. Ukikichukua kimyakimya, umempunguzia mtu kipato na atakuchukia wewe pamoja na mashine. Tangazeni kiwango wazi: kinachozidi 300 × 300 kinaandikwa ukubwa na unene kwa kalamu ya rangi, kinaingizwa daftarini, na saidia fundi anafidiwa kwenye ujira wake wa wiki. Fundi aliyekuwa akilipwa kwa kila kipande alichokata naye apewe ujira mpya wa kuunganisha na kuchomelea, uandikwe na kusainiwa kabla ya siku mashine inapowashwa.