Je, wajua kwa nini gemu la mchezo usio na mashabiki wengi humnasa mtu?

Ingia banda la gemu Kirumba au Buzuruga, hapa Mwanza, jioni, utakuta vijana wameng'ang'ania pedi na kwenye TV ni soka tupu. Mgeni akikaa hapo anapigwa tano bila, kwa sababu wenzake wamelicheza miaka.

Sasa weka Handball 17, gemu la mpira wa mikono lililotengenezwa na Eko Software ya Ufaransa mwaka 2016. Ubingwa wa soka hausaidii tena. Mpira wa mikono una wachezaji saba kila upande, na mwenye mpira haruhusiwi kupiga hatua zaidi ya tatu wala kukaa nao zaidi ya sekunde tatu. Eneo la mita sita mbele ya goli ni la kipa peke yake, ila mshambuliaji anaweza kuruka juu yake na kufyatua mpira kabla hajatua. Ukishaielewa sheria hiyo moja ya mita sita, unaona kwa nini timu inazungusha pasi ikitafuta upenyo. Hapo aliyecheza mpira wa mikono UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, anaweza kumfundisha bingwa wa banda, na kwangu utamu mkubwa uko hapo: kujifunza upya, pamoja.

Kuna na fahari ya kwenu. Mwaka 2005 lilitoka Gaelic Games: Football, gemu la mpira wa jadi wa Ayalandi. Wachambuzi waliliponda, lakini Waayalandi walilinunua kwa wingi. Mchezo huo huchezwa kwa timu za kaunti, yaani kama mikoa ya huko, na wachezaji hawalipwi mshahara; hatimaye mtu aliiona kaunti yake kwenye skrini.

Uhaba nao hujenga mapenzi. Gemu la soka hutoka jipya kila mwaka, lakini EA, kampuni ya kutengeneza gemu, iliachana na raga baada ya Rugby 08 ya mwaka 2007. Mashabiki hawakulitupa: kwenye kompyuta waliendelea kubadilisha wenyewe jezi na majina ya wachezaji.

Mimi natamani gemu la mashindano ya mitumbwi ya hapa Mwanza. Makasia lazima yaingie majini kwa pamoja. Mmoja akichelewa, mtumbwi unapoteza mwendo. Watu wanne, pedi nne, kila pigo la kasia kitufe kimoja. Vijana wetu wanaosomea kompyuta wangeweza kuanzia hapo.