Kura ya wanawake wa Marekani haikuanza 1920

Kuna ujumbe unaorudi kila mara kwenye magrupu: eti hakuna mwanamke wa Marekani aliyepiga kura kabla ya 1920, na mwaka huo walizawadiwa tu haki hiyo kwa kazi waliyofanya wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Si kweli. Katiba ya jimbo la New Jersey ya 1776 iliruhusu "wakazi wote" wenye mali ya pauni 50, na wajane na wanawake wasioolewa walipiga kura mpaka sheria ya 1807 ilipowafungia mlango. Wyoming iliwapa wanawake kura 1869, Colorado 1893.

Na hiyo zawadi? Baada ya miaka ya kukusanya saini na kubisha hodi kwa wabunge, pendekezo la kurekebisha katiba ya nchi lilifikishwa Seneti Januari 1878. Mwaka 1887 likaangushwa, kura 16 kwa 34. Weka maandishi yake kando ya yale yaliyopitishwa 1920: karibu neno kwa neno ni yale yale. Yanasema haki ya raia kupiga kura haitanyimwa kwa sababu ya jinsia. Hakuna "kupewa" humo.

Watu huchanganya kwa sababu 1920 ndipo marekebisho yalipoanza kutumika nchi nzima. Hata hivyo, wanawake weusi wengi wa kusini waliendelea kuzuiwa hadi sheria ya 1965 ya kulinda haki ya kupiga kura.

Ukiletewa ujumbe huo, tafadhali usiusambaze. Mpe aliyekutumia maandishi hayo mawili, ya 1878 na ya 1920, ayasome mwenyewe.