Garderobe: chumba cha nguo kilichogeuka choo

Ukitembelea ngome za kale za Uingereza utaoneshwa kichumba chembamba ndani ya unene wa ukuta, chenye kiti cha jiwe kilichotobolewa, na utaambiwa kinaitwa garderobe. Ni choo. Lakini neno lenyewe halina uhusiano wowote na haja ya mtu.

Garderobe ni Kifaransa cha kale: garder ni kutunza, na robe, ambalo leo ni gauni, zamani lilimaanisha mavazi kwa jumla. Kwa hiyo kilikuwa chumba cha kutunzia nguo. Si kabati, bali chumba kizima chenye masanduku ya vitambaa, manyoya, hata vito, mali ya kufungiwa na kuwekewa mwangalizi.

Kwa kuwa penye vito hapakosi fedha, Uingereza neno hilo, kwa matamshi ya Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa walioiteka Uingereza, wardrobe, likawa pia jina la idara ya jumba la mfalme. Katika karne ya 13 mfalme Edward I aligharamia vita vyake vya Wales kupitia idara hiyo, na makarani wake ndio waliolipa askari mishahara. Baadaye tawi lake la mavazi na vitambaa lilikuwa na jengo lake London, karibu na mtaa wa Blackfriars. Liliteketea katika moto mkubwa wa 1666, ila kanisa la jirani bado linaitwa St Andrew-by-the-Wardrobe.

Sasa choo kiliingiaje? Waongoza watalii hupenda kusema nguo zilitundikwa humo makusudi ili harufu kali ya mkojo ifukuze nondo, wadudu wanaotoboa nguo. Hadithi tamu, lakini mimi naona sababu ni nyepesi zaidi: adabu. Hata sisi mtu akisema anakwenda uani, hatumuulizi anafuata nini huko. Choo mara nyingi kilikuwa kando ya chumba cha nguo, basi jina la jirani likakisitiri.

Ujenzi wake haukuwa na siri. Uchafu ulidondoka kupitia bomba la mawe hadi kwenye handaki la maji au shimo chini ya ukuta. Tundu hilo lilikuwa pia udhaifu wa ngome: husimuliwa kwamba mwaka 1204 askari wa mfalme Philip II wa Ufaransa waliiingia ngome ya Château Gaillard kwa kupanda bomba la choo, ingawa wapo wanahistoria wanaosema walipitia dirisha la kanisa la ngome.

Katika Kifaransa cha leo maana ya choo imekufa. Garde-robe ni nguo zote alizonazo mtu. Ubelgiji ni kabati lenyewe, ambalo Mfaransa wa Paris huliita armoire. Ujerumani ukiona Garderobe kwenye ukumbi wa tamthilia, ni pale unapoacha koti na kupewa namba.