Mtori usubiri kidogo: tumbo la mgonjwa mahututi nalo linaumwa

Saa kumi jioni, muda wa kuona wagonjwa, hapa Moshi hukosi kumkuta mama mmoja mlangoni mwa ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, amekumbatia chupa ya chai. Ndani si chai, ni mtori. Ametoka nao Kibosho au Uru, ndizi kaziponda mwenyewe, nyama imechambuka mpaka hauioni. Swali lake ni lile lile: "Daktari, mwanangu siku ya pili hii hajala. Mnataka afe njaa?" Mimi ni mtu wa lishe, si daktari, lakini mlangoni pale kila mwenye koti jeupe ni daktari.

Simlaumu. Mtori ndio unaomwinua mzazi kitandani, na Uchagani mgonjwa akila, nyumba nzima inapumua. Kinachomtatiza mama huyu hakionekani kwa macho: mtu akiwa mahututi, tumbo nalo huugua, kama yanavyougua mapafu na figo. Tofauti ni kwamba hakuna mashine pembeni ya kitanda inayopiga kelele kwa ajili yake.

Chukua kijana aliyeumia vibaya kwenye ajali ya bodaboda, au mzee ambaye maambukizi yamesambaa kwenye damu na presha imeshuka. Mwili wake unaanza kubana matumizi. Damu inapelekwa kwanza kwenye ubongo na moyo, utumbo unaachiwa masalia. Dawa za kupandisha presha zinaweza kuibana zaidi mishipa ya utumbo huo huo. Dawa za jamii ya mofini, zinazomwondolea maumivu na kumsaidia avumilie mashine ya kupumulia, zinalegeza mwendo wa tumbo. Sukari ikipanda au potasiamu ikishuka, mwendo unazidi kuwa mzito. Chakula kilichotakiwa kushuka ndani ya saa chache kinabaki pale pale.

Hapo tumbo linajaa na kukaza kama ngoma. Wengine wanatapika, wengine wanaharisha. Nesi akivuta kwa bomba la sindano kwenye mpira wa kulishia uliopitishwa puani hadi tumboni, maziwa ya asubuhi yanarudi. Yakizidi mililita 500 ndani ya saa 6, tunapunguza au tunasimamisha kwanza. Tunachokiogopa zaidi ni chakula kupanda na kuingia mapafuni kwa mtu asiyeweza kukohoa. Ndiyo maana kitanda kimeinuliwa upande wa kichwa nyuzi 30 hadi 45. Tafadhali msikishushe ili "alale vizuri".

Kumwacha na njaa nako hatukutaki. Ukuta wa utumbo hujijenga upya kila baada ya siku chache, na chembe zake hula sehemu ya kile kinachopita. Kwa hiyo presha ikishatulia, tunaanza ndani ya saa 48 za mwanzo, mililita 10 au 20 kwa saa. Hivyo ni vijiko viwili hadi vinne vya chai. Najua vinaonekana kama dhihaka. Lakini utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2018, kwa wagonjwa zaidi ya 2,400 waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia na dawa za kupandisha presha, ulionyesha kuwa kuwalisha kiwango kamili mapema kwa njia ya tumbo hakukuokoa maisha zaidi ya kuwalisha kwa mshipa, na waliolishwa tumboni walitapika zaidi na wengi zaidi walipata tatizo la utumbo kukosa damu.

Tumbo likigoma tunapunguza kasi, tunarekebisha potasiamu, tunaangalia kama amefunga choo. Kuna metoklopramaidi, dawa ya kuzuia kutapika na kusukuma chakula tumboni, na kuna erithromaisini, dawa ya kuua bakteria ambayo pia huamsha misuli ya tumbo. Ikishindikana, mpira unasogezwa mbele hadi kwenye utumbo mwembamba.

Mtori kwenye mpira ule mwembamba wa puani? Unaziba, na mpira ukiziba unang'olewa na kuingizwa mwingine. Uji uliokaa chupani tangu alfajiri unaweza kuwa umeshazalisha wadudu. Kwa hiyo msimmiminie kitu nesi akigeuka.

Mnachoweza kutuletea ni habari. Alikula vizuri mara ya mwisho lini? Nguo zilikuwa zimeanza kumpwaya? Na kama alikuwa anakunywa mbege, pombe yetu ya ndizi, kuliko kula, semeni, hatumhukumu mtu. Aliyekaa na njaa muda mrefu akijazwa chakula ghafla, madini ya fosfeti na potasiamu yanakimbia kutoka kwenye damu kuingia kwenye chembe za mwili, na moyo unaweza kuyumba. Mtu wa namna hiyo tunampa vitamini B1 kabla ya kumlisha, kisha tunampandishia chakula taratibu zaidi.

Na ile chupa, mama, irudi nyumbani leo. Siku akitolewa mipira na akameza maji vijiko vichache bila kupaliwa, nitakuambia mimi mwenyewe uilete. Mtori uwe mwepesi, na nyama uichuje tena.